Kulea Mtoto Mchanga Tokyo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Familia za Afrika Mashariki

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wazazi Waswahili wanaoishi Japani kwa kazi au masomo, ambao wote wawili si raia wa Japani, na wanaotarajia mtoto au wamempata hivi karibuni. Mwandishi ni mama Mtanzania aliyejifungulia Tokyo. Pale ambapo taratibu za wilaya yenu zinatofautiana na za wilaya 23 za katikati ya Tokyo, lifuateni neno la ofisi ya wilaya yenu.

Mimba imethibitishwa. Tuanzie wapi?

Anzeni katika ofisi ya wilaya mnakoishi, wala si hospitalini peke yake. Mama anajaza fomu ya kutoa taarifa ya ujauzito, naye anapewa daftari dogo liitwalo boshi techo, yaani daftari la afya ya mama na mtoto, pamoja na vocha zinazopunguza gharama za vipimo vya kliniki, ambavyo kwa kawaida ni 14 hadi siku ya kujifungua. Daftari hilo lilianza kutolewa Japani mwaka 1942 kwa wajawazito, na mwaka 1948 likapanuliwa ili limhusu mtoto pia. Fikirieni kadi ya kliniki ya nyumbani, ila yenye kurasa nyingi zaidi na inayoulizwa kila mahali hadi mtoto aanze shule. Yapo matoleo ya lugha kadhaa za kigeni. La Kiswahili halipo, kwa hiyo wengi wetu huomba la Kiingereza na la Kijapani kwa pamoja, kwa sababu muuguzi atajaza lile analoweza kulisoma.

Bima ya afya italipia uzazi?

Uzazi wa kawaida hauhesabiwi kuwa ugonjwa, kwa hiyo bima hailipii kama inavyolipia matibabu. Badala yake, kila mwenye bima ya afya ya Japani hupewa fungu la uzazi, ambalo tangu Aprili 2023 ni yeni 500,000 kwa kila mtoto, na ambalo hospitali nyingi hulipokea moja kwa moja kutoka kwa mfuko wa bima ili mzazi alipe tofauti tu. Katika Tokyo tofauti hiyo mara nyingi ipo, na katika hospitali binafsi inaweza kuwa kubwa. Upasuaji, kwa upande wake, huhesabiwa kuwa matibabu, na bima huchangia. Sindano ya kupunguza uchungu wa uzazi haipatikani kila hospitali na hulipiwa zaidi; anayeitaka aulize mapema kabisa, wakati anapoweka nafasi ya kujifungulia, maana uchungu ukishaanza hakuna wa kumsikiliza.

Tutakaa hospitalini siku ngapi?

Kwa uzazi wa kawaida ni kama siku tano. Aliyezoea kusikia kuwa mama ameruhusiwa baada ya saa 24 hushangaa, na mama mkwe akiwa Dar es Salaam huanza kuhofu kuwa kuna jambo linafichwa. Hakuna linalofichwa. Siku hizo hutumika kumpima mtoto manjano, kuchukua matone ya damu kisiginoni kwa uchunguzi wa magonjwa ya kuzaliwa, na kumfundisha mama kunyonyesha, kuogesha na kuandika katika jedwali kila kinachoingia na kutoka kwa mtoto. Jedwali hilo litamchosha, lakini ndilo daktari atakaloliomba.

Ni karatasi zipi zina siku za mwisho?

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, kwa sababu siku huanza kuhesabiwa wakati mama hajaweza hata kukaa vizuri. Baba, au rafiki anayejua Kijapani, afahamu mpangilio huu kabla mtoto hajazaliwa.

Kwanza ni kuandikisha kizazi katika ofisi ya wilaya ndani ya siku 14, siku ya kuzaliwa ikiwemo. Fomu yenyewe ni karatasi moja pana iliyogawanywa katikati: nusu ya kulia hujazwa na daktari au mkunga kuthibitisha kuwa mtoto amezaliwa, na nusu ya kushoto hujazwa na mzazi. Ofisi huichukua karatasi yote na haiirudishi. Mume wangu aliipeleka akiwa na furaha zake, akaikabidhi, akapongezwa, akarudi nyumbani bila nakala hata moja, na wiki iliyofuata ndipo tulipotambua kuwa tunahitaji uthibitisho wa uzazi kwa ajili ya pasipoti. Pigeni nakala pande zote kabla ya kuikabidhi, na siku hiyohiyo ombeni hati mbili kaunta: moja inayothibitisha kuwa taarifa imepokelewa, na nyingine inayonakili yaliyoandikwa katika taarifa hiyo. Kila moja ni yeni 350, na hiyo ya pili ndiyo yenye majina ya wazazi, saa na mahali pa kuzaliwa.

Siku hiyohiyo, katika jengo hilohilo, ombeni posho ya mtoto. Muda wake ni siku 15 baada ya kuzaliwa, na anayechelewa hupoteza mwezi ambao haurudi. Posho ni yeni 15,000 kwa mwezi kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, na yeni 10,000 baada ya hapo. Kwa mtoto wa tatu na kuendelea ni 30,000. Tangu Oktoba 2024 kipato cha mzazi hakiangaliwi tena. Wageni wenye makazi halali wanaistahili sawa na wenyeji, jambo ambalo wengine huliona kuwa la kuombaomba wakaliacha. Si kuombaomba, ni stahili ya mtoto.

Kisha mwingizeni mtoto katika bima ya afya, kupitia mwajiri au ofisi ya wilaya. Bima ikipatikana, wilaya hutoa hati ya matibabu ya mtoto, na katika wilaya 23 za Tokyo hati hiyo humfanya mtoto atibiwe bila mzazi kulipa dirishani.

Mwisho ni uhamiaji. Mtoto hana viza kwa kuwa hakuingia nchini kupitia mpaka wowote, lakini anahitaji hadhi ya ukaaji kama wazazi wake. Ombi hupelekwa uhamiaji ndani ya siku 30 tangu kuzaliwa, na halina ada. Sheria inamruhusu kukaa siku 60 bila hadhi hiyo. Zikipita, mtoto wa miezi miwili anakuwa mkaaji asiye halali. Pasipoti ikiwa bado haijatoka, ombi hupokelewa na pasipoti huonyeshwa baadaye.

Je, mtoto aliyezaliwa Japani ni Mjapani?

Hapana. Uraia wa Japani hufuata damu ya mzazi na si ardhi, isipokuwa kwa hali chache kama vile wazazi wasiojulikana au wasio na uraia wowote. Mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa ng'ambo ni Mtanzania kwa kurithi, kupitia baba au mama, chini ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Lakini ikiwa mzazi huyo naye ni raia kwa kurithi tu, waulizeni ubalozi mapema, kwa sababu kurithi hakuendelei kizazi hadi kizazi. Kwa Wakenya, Katiba ya mwaka 2010 humhesabu mtoto kuwa raia kwa kuzaliwa akiwa na mzazi mmoja Mkenya, popote alipozaliwa. Ubalozi wa Tanzania uko wilaya ya Setagaya, Tokyo. Pigeni simu kabla ya kwenda, na muulize kama hati za Kijapani zinatakiwa kutafsiriwa.

Jina la Kiswahili litaandikwaje?

Litaandikwa kwa katakana, herufi zinazotumika kwa maneno ya kigeni, na kwa bahati njema Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi iishie na irabu. Amani, Zawadi na Baraka huingia bila kupoteza chochote. Tatizo ni L, ambayo Kijapani hakiitofautishi na R, hivyo Lulu atakuwa Ruru daima, na majina yanayoanza na Mw- au Ng' yatapindishwa. Andikeni wenyewe katakana mnayoitaka, msimwachie karani akisie kwa kuangalia tahajia ya Kilatini. Karani akidhani jina ni la Kiingereza, Neema atageuka Nima. Tahajia ya Kilatini iwe ileile kwenye hati zote, herufi kwa herufi.

Nani atatusaidia baada ya kujifungua?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, ingawa huulizwa mwishoni na kwa sauti ya chini. Nyumbani mama mzazi hakai peke yake: yupo wa kumkanda kwa maji ya moto, yupo wa kumpikia uji wa pilipili manga, yupo wa kumshika mtoto ili yeye alale, na arobaini ikitimia anatoka nje akiwa mtu tena. Hapa, mlango wa nyumba ukifungwa, ninyi ni watatu.

Wajapani wenyewe wanaujua upungufu huu. Wanawake wengi wa Kijapani hurudi kwao kujifungua na kubaki kwa mama zao kwa wiki kadhaa, kama mabinti wengi wa kwetu wanavyokwenda kujifungulia kwa mama. Sisi tusio na pa kurudi tunabaki na mikono ya wilaya, nayo haiji bila kuitwa. Kazi ambazo kwetu hufanywa na shangazi na bibi, hapa zimeandikwa katika fomu, na asiyeiomba fomu hupita pembeni mwa msaada wote. Ulizeni huduma ya mama baada ya kujifungua, ambayo humwezesha mama kwenda na mtoto mahali penye wakunga kwa siku au kwa usiku kadhaa kwa bei iliyopunguzwa. Ulizeni pia wasaidizi wa kazi za nyumbani. Wilaya nyingi wanao.

Kuna ugeni mmoja ambao ni wa kila familia. Kabla mtoto hajatimiza miezi minne, mkunga au muuguzi wa afya ya jamii hutembelea nyumba zote zenye mtoto mchanga, bure. Aliyekuja kwetu alivua viatu, akatoa mizani kwenye begi, akaitandikia taulo ili mtoto asiguswe na baridi ya chuma, akampima, kisha akanipa mimi karatasi yenye maswali 10 kuhusu hali ya moyo wangu kwa siku saba zilizopita. Nilijibu yote vizuri. Nilijibu hivyo kwa sababu tumelelewa kujibu "salama" na "nzuri" hata nyumba inapoungua, na kwamba shida hutajwa baada ya salamu ya tatu, na kwa mtu anayehusika. Karatasi haina salamu ya tatu. Mama anayelia bila sababu, asiyelala hata mtoto anapolala, au asiyehisi chochote kwa mtoto wake, aijibu karatasi ile kama ilivyo. Ndiyo njia fupi ya kumfikia daktari bila kulazimika kujieleza kwa lugha asiyoijua.

Bibi anaweza kuja kutoka nyumbani?

Anaweza, kwa viza ya muda mfupi ya kutembelea ndugu, ambayo haizidi siku 90. Yeye huomba katika Ubalozi wa Japani nchini kwake, nanyi humtumia kutoka huku barua ya mwaliko, barua ya udhamini, hati ya makazi na uthibitisho wa kipato. Mpangeni afike wiki ya pili au ya tatu baada ya uzazi, si kabla, kwa kuwa siku zake zinahesabika na hospitalini hatakuwa na la kufanya. Mumweleze pia mapema kuwa muuguzi hatakubali maji kwa mtoto mchanga, wala wanja machoni, ili mvutano huo uishie kwenye simu na usifike sebuleni.

Chanjo zinafanana na za nyumbani?

Magonjwa yanayokingwa kwa sehemu kubwa ni yaleyale, bali ratiba ni tofauti. Tanzania humpa mtoto BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio anapozaliwa. Japani haitoi chochote cha namna hiyo siku ya kwanza. Ratiba huanza miezi miwili, na siku hiyo mtoto hupata kadhaa kwa mkupuo: chanjo ya nyumonia, ya homa ya ini aina ya B, ya rota, ambayo ni ya kunywa, na ya pamoja inayokinga magonjwa matano, yakiwemo dondakoo, pepopunda, kifaduro na polio. BCG huja kati ya miezi mitano na minane, nayo haichomwi kama kwetu. Daktari hupaka dawa mkononi, kisha hubonyeza mara mbili kimhuri chenye sindano tisa ndogo, na mtoto hubaki na vidoti 18 vilivyojipanga. Ukirudi nyumbani, muuguzi atatafuta kovu moja begani. Mwonyeshe vidoti hivyo pamoja na daftari.

Surua hutolewa Tanzania miezi tisa na miezi 18, Japani baada ya mwaka mmoja. Familia inayokwenda nyumbani kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja izungumze na daktari kuhusu kumkinga mapema zaidi, na ijue kuwa dozi hiyo haitahesabiwa. Dozi za surua zilizo kwenye ratiba zitatolewa vilevile. Chanjo zilizo kwenye ratiba ya taifa ni bure mkizifanya ndani ya umri uliowekwa.

Kuna jambo la kiafya ambalo daktari wa Kijapani anaweza kutoliwaza?

Lipo, nalo ni selimundu. Damu ya kisiginoni inayochukuliwa hospitalini haipimwi ugonjwa huu, kwa sababu miongoni mwa Wajapani ni nadra mno. Kwetu si nadra. Ikiwa mmoja wenu ana vinasaba vya selimundu, au kuna ndugu aliyewahi kuugua, au hamjawahi kupimwa kabisa, mwelezeni daktari kabla mtoto hajazaliwa na mwombe kipimo kwa maneno ya wazi. Msisubiri aulize.

Kuhusu manjano, kwa mtoto mweusi rangi ya ngozi haitoi dalili mapema, kwa hiyo tazameni weupe wa macho na ufizi, na msione haya kuomba apimwe tena. Madoa ya bluu matakoni yasiwatie hofu kuwa mtadhaniwa mmempiga mtoto: watoto wa Kijapani wanayo pia, na kila muuguzi anayafahamu.

Mama atakula nini?

Chakula cha hospitali ni kizuri lakini si cha kumrudisha mzazi wa kwetu. Maduka ya halali ya mtaa wa Shin-Okubo huuza ndizi za kupika, mihogo iliyogandishwa, bamia, dengu na nyama ya mbuzi, na mtori hupikika. Nunueni kabla ya tarehe, pikeni, gawanyeni kwenye mifuko na mgandishe. Maji ya bomba yananyweka. Ya maziwa ya kopo lazima yawe yamechemka na yasiwe yamepoa chini ya nyuzi 70 wakati wa kukorogea, kisha chupa ipoozwe.

Tunaweza kumbeba mtoto kwa kanga?

Ndiyo, ila kwenye treni za asubuhi mwekeni mbele, si mgongoni. Wapita njia wenye umri mkubwa watawasimamisha, maana wao pia walibebwa mgongoni. Bibi mmoja stesheni alinishikia begi langu huku akilisoma jina la kanga kwa kidole, kana kwamba maandishi yale yangekuwa Kijapani akiyatazama kwa muda wa kutosha. Kigari nacho kinaruhusiwa kwenye treni bila kukunjwa. Vyumba vya kunyonyeshea vipo kwenye maduka makubwa na stesheni nyingi.

Tufanye nini tetemeko likitokea?

Nyumbani mwetu begi la dharura liko mlangoni, na mahitaji ya mtoto ndani yake hubadilishwa kila anapopanda saizi ya nepi. Wekeni maji, nepi, nguo, nakala ya boshi techo na maziwa ya mtoto yaliyo tayari kunyweka, ambayo yalianza kuuzwa Japani mwaka 2019 na hayahitaji maji ya moto. Msilaze mtoto karibu na kabati lisilofungwa ukutani. Gari la wagonjwa ni 119. Kwa mtoto anayeumwa usiku nanyi hamjui kama ni dharura, piga #8000 upate ushauri wa muuguzi.

Usiku ni mrefu. Tumpigie nani?

Pigeni nyumbani. Tokyo iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita, hivyo mtoto akiamka saa tisa usiku, kwao ni saa tatu usiku, chakula kimeshaliwa na watu wapo sebuleni. Ni saa ambayo jiji lote hapa limelala na ukoo wenu wote uko macho.

Safari ya kwanza ya nyumbani ina masharti gani?

Mtoto awe na pasipoti na kadi ya ukaaji kabla ya kutoka Japani, la sivyo kurudi kwake kutahitaji kuanza upya. Chukueni chandarua chenye dawa mara mnapofika, na mwulizeni daktari wa wasafiri kuhusu malaria: mtoto aliyezaliwa Tokyo hajui mbu wa Tanga, na uraia wake haumkingi.

Kitovu kizikwe wapi?

Swali hili huulizwa na mabibi, na lina haki ya kujibiwa. Hospitali za Japani hukausha kipande cha kitovu na kumkabidhi mama katika kisanduku kidogo cha mti mwepesi, kwa kuwa Wajapani hawakiziki kitovu. Hukihifadhi nyumbani maisha yote. Nilipomweleza mama yangu kuwa kitovu cha mjukuu wake kiko kwenye droo karibu na betri na risiti, alikaa kimya hadi nikadhani mtandao umekatika. Tulikisafirisha mtoto alipokuwa na miezi 11. Kilizikwa Pangani, nyuma ya jiko, chini ya mnazi ambao cha kwangu kiko hapohapo. Kisanduku tulirudi nacho Tokyo, kwa sababu mama alikigeuza mara mbili mkononi, akakipuliza vumbi, akasema kisanduku kizuri namna hii hakifukiwi.